Usiuze kwa Kilo Usichokijua Ndani: Kifungue Kwanza Mbele ya Watoto

Wiki hii nilipanga kuandika juu ya kuhifadhi mahindi, lakini mahindi yatasubiri. Jumamosi iliyopita nimeona jambo mnadani ambalo limenikera, na nisipolisema tutaendelea kupoteza fedha na kuwafunga watoto wetu akili.

Mzee mmoja katika kijiji ninachohudumia analima nyanya. Mwaka jana alinunua bomba la kupulizia dawa la kubeba mgongoni, lile la betri, lita 16, kwa shilingi 95,000. Msimu huu bomba likazima katikati ya kazi. Alilichaji usiku kucha, halikuwaka. Jirani akaja, akalitikisa, akasema, "Mzee, hili limeshakufa." Siku ya pili akapita kijana wa skrepa na toroli lake. Akaliweka kwenye mizani, akampa mzee shilingi 3,000. Mzee akabaki anaazima bomba kwa watu, na kwa kuazima huko akachelewa kupuliza siku nne wakati mvua zinanyesha. Wanaolima nyanya mnajua siku nne zina maana gani baka jani chelewa likishaingia shambani. Zaidi ya nusu ya shamba ilikwenda.

Jumamosi nikalikuta bomba lile lile mnadani. Nililitambua kwa mkanda wake, maana mkewe alikuwa ameuunga kwa kipande cha kanga. Linapuliza vizuri kabisa, na bei yake shilingi 60,000. Nikamuuliza kijana amelifanyia nini. Hakunificha. Alifungua skrubu sita za kitako, akakuta fyuzi imeungua. Fyuzi mpya aliinunua shilingi 500.

Jioni nikaenda kwa mzee. Baada ya shikamoo na marahaba nikamweleza. Alikaa kimya kwa muda, halafu akasema: "Bwana shamba, mjukuu wangu aliniomba alifungue alitazame. Nikamkatalia. Huyo mtoto mwaka juzi alifungua redio yangu mbovu, nikamchapa asirudie tena. Na kweli hakurudia."

Sina ugomvi na kijana wa skrepa. Yeye alijua kilichomo ndani, sisi hatukujua, akalipwa kwa kujua kwake. Ugomvi wangu ni na sisi wengine: wazazi, walimu, na maafisa ugani kama mimi. Tumewafundisha watu kwamba kifaa kikizima kazi yake imekwisha, na kwamba mtoto anayetaka kujua kilichomo ndani ni mharibifu. Nasema hivi bila kuzunguka: hakuna redio, tochi, taa ya sola au simu mbovu inayopaswa kutoka kwenye nyumba yako kwenda kwenye mizani kabla haijafunguliwa mbele ya watoto wako.

Fimbo kwa mtoto anayefungua redio

Najua utaniambia, mchelea mwana kulia hulia yeye. Nakubali, mtoto afundishwe adabu. Akifungua redio nzima bila ruhusa, mwadhibu kwa kukosa ruhusa. Lakini wengi wetu tunachapa hata kwa redio ambayo imekaa juu ya kabati miaka mitatu haitoi sauti. Hapo unachapa swali lake: "Baba, sauti inatoka wapi?" Akichapwa mara mbili anaacha kuuliza. Akifika umri wa miaka 25 anakuja ofisini kwangu kuniambia pampu yake haivuti maji, nikimuuliza umetazama nini, ananijibu, "Sijagusa kitu, naogopa kuharibu." Hofu hiyo hakuzaliwa nayo.

Tazama jirani zetu wa Malawi. Mwaka 2001 na 2002 walipigwa na njaa kali. Kijana mmoja wa wilaya ya Kasungu, William Kamkwamba, mtoto wa mkulima, akaacha sekondari kwa kukosa ada. Alikuwa na umri wa miaka 14. Kabla ya hapo yeye na binamu yake walikuwa na mazoea ya kufungua redio mbovu na kuzitengeneza. Alipokosa shule akawa anakwenda maktaba ya kijijini kusoma vitabu vya sayansi, akaona picha ya mtambo wa upepo. Akaenda kuchambua vyuma chakavu. Akatumia feni ya trekta, fremu ya baiskeli, dinamo ya baiskeli na mabomba ya plastiki, akajenga mtambo wake akawasha taa nyumbani kwao. Majirani walimwona amechanganyikiwa. Baadaye akajenga mwingine wa kuvuta maji.

Watu wakisimulia habari hii husema alikuwa na kipaji. Mimi naona jambo lingine. Vyuma vile vilikuwa pale miaka yote, na watu wazima walipita kando yake kila siku. Yeye alikuwa ameshafungua redio za kutosha kujua kwamba dinamo ni waya na sumaku, kwa hiyo alipoiona alijua anaitafutia kazi gani.

Shule zetu, na sisi maafisa ugani

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea. Alilalamika kwamba shule zinamtoa mtoto kwenye kazi na kumfanya aamini kwamba maarifa ya maana yanatoka vitabuni tu. Zaidi ya miaka 50 imepita. Ingia leo kwenye darasa la sayansi katika shule nyingi za vijijini. Utakuta mwalimu amechora betri, swichi na balbu ubaoni, watoto wananakili. Mita 200 kutoka pale, nyuma ya duka, kuna rundo la tochi za Kichina zilizokufa, zenye betri, swichi na taa za kutosha kila mtoto kushika kimoja. Mwalimu anasema shule haina vifaa. Vifaa vipo, tena vya bure, ila havijafika kwenye karatasi ya maombi ya ofisi.

Mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 umeleta mkondo wa elimu ya amali. Ni jambo jema. Lakini amali haianzi siku ambayo karakana itajengwa. Inaanza na bisibisi moja.

Nisijitoe mimi. Chuoni nilisoma mbolea, wadudu, mbegu na mifugo, nikapata stashahada yangu. Hakuna siku niliyofungua bomba la betri. Nimeshagawa mabomba na pampu kwa vikundi, nimesimama kwenye picha, nikaondoka. Sikuwahi kuwaambia wanakikundi fyuzi ipo wapi, kwa sababu mwenyewe sikujua. Pampu ya kikundi kimoja cha mboga ilikaa stoo msimu mzima na kosa lilikuwa waya wa betri ulioliwa na kutu ya kijani. Hilo ni deni langu, na makala hii ni sehemu ya kulilipa.

Majibu kwa wanaopinga

Wa kwanza atasema: hiyo ni kazi ya fundi, kila mtu na kazi yake. Sawa. Sisemi uwe fundi. Hata ng'ombe wako ana daktari, lakini unajua kutazama kinyesi chake, masikio yake na kucheua kwake kabla ya kumpigia daktari simu. Kwa nini usijue kutazama bomba lako? Mtu anayejua fyuzi, swichi, betri na mota ni vitu vinne tofauti, hata akienda kwa fundi hadanganyiki kwamba "mashine nzima imeungua".

Wa pili atasema: mtoto akizoea kufungua vibovu, atafungua na vizima. Atajaribu, ndiyo. Mpe vyake. Weka ndoo moja ya vibovu, mwambie vilivyomo kwenye ndoo ni vyako, vilivyo nje ya ndoo ni vya nyumba. Mtoto anayejua mbuzi wa nyumbani na mbuzi wa jirani hashindwi kujua ndoo.

Wa tatu atasema: ni hatari. Huyu ana haki, na ndiye nitakayemjibu kwa urefu huko chini, kwa sababu kuna vifaa ambavyo mimi mwenyewe sivigusi. Lakini hatari haiondoki kwa kutofundisha. Watoto wetu wanachoma waya jalalani sasa hivi, wanapasua betri kwa mawe sasa hivi, bila mtu mzima. Tofauti ninayoitaka ni mtu mzima kuwepo.

Vifaa vinne vya kuanzia, na somo la kila kimoja

Unahitaji bisibisi mbili, ya nyota na ya bapa, koleo dogo, kisu butu, na sahani ya kuwekea skrubu zisipotee. Mkipata mita ya kupimia umeme ni vizuri zaidi. Hapa kwetu ya kawaida inauzwa kati ya shilingi 10,000 na 20,000, na kikundi au shule inaweza kuchangia moja. Kanuni ya kwanza na ya mwisho ni hii: fungua vile vinavyotumia betri ndogo tu, na toa betri kabla ya kushika bisibisi.

*1. Spika ya redio.* Toa spika nzima. Nyuma yake kuna sumaku, na katikati koili ya waya mwembamba. Shika betri moja ya redio ya volti 1.5, gusisha waya mbili kwenye miguu ya spika. Karatasi ya spika itaruka na kulia "tak". Mwambie mtoto: umeme ukipita kwenye waya uliozungushwa, waya unakuwa sumaku, unasukumana na sumaku nyingine. Akishaelewa hilo ameelewa mota ya bomba, pampu na feni.

Halafu sumaku usiitupe. Wewe mfugaji, ipitishe kwenye pumba na mashudu kabla ya kulisha. Ng'ombe hachambui chakula kwa ulimi kama mbuzi, humeza msumari au kipande cha waya, kikakaa kwenye tumbo la pili, kikatoboa, na kutoka hapo moyo hauko mbali. Ng'ombe anakonda, anasimama amekunja mgongo, maziwa yanakatika, na mwisho anakufa watu wakisema karogwa. Sumaku ya redio mbovu inaweza kuokoa ng'ombe wa zaidi ya milioni moja.

*2. Mota ya gari la kuchezea au ya mashine ya CD.* Unganisha na betri, itazunguka. Geuza waya, itazunguka kinyume. Sasa fanya somo kubwa: ondoa betri, weka taa ndogo nyekundu ya LED kwenye waya za mota, zungushia uzi kwenye ekseli, vuta kwa nguvu kama unavyorusha pia. Ukivuta kwa kasi ya kutosha taa itamulika kidogo. Isipomulika geuza waya, kwa sababu LED hupitisha umeme upande mmoja tu. Ikigoma bado, tumia dinamo ya baiskeli. Watoto wakiona, waambie kwamba kwenye Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, kazi ni hiyo hiyo. Badala ya mkono wako ni maji yanayozungusha.

*3. Taa ya sola iliyokufa.* Hii ndiyo inayotupotezea fedha nyingi kuliko zote. Taa ina vitu vinne: paneli, betri, swichi na taa zenyewe. Kinachokufa mapema ni betri au waya. Paneli hudumu miaka mingi. Lakini sisi tunatupa vyote pamoja. Weka paneli juani, pima kwa mita. Ikitoa volti, huenda ni nzima. Usishangae paneli iliyoandikwa volti 12 ikikuonyesha 18 hadi 22 juani kabla ya kuunganishwa na kitu, ndivyo ilivyo. Kisha fuata waya kwa kidole kutoka paneli hadi taa. Mara nyingi utakuta umekatika pale unapokunjwa kila siku, au swichi imejaa kutu. Mtoto aliyefuata waya huo mwenyewe hatasahau kwamba umeme unahitaji njia ya kwenda na njia ya kurudi.

*4. Simu ya kitochi.* Toa betri, iweke mbali kwenye chombo kikavu, usiitoboe wala kuikunja. Ndani utakuta spika, maiki, na mota ndogo kama punje ya mchele ndiyo inayotetemesha simu. Na hapa niseme jambo. Wapo wanaopita vijijini wakidai kwamba ndani ya simu kuna dhahabu, ukichemsha bodi kwenye asidi utatajirika. Dhahabu ipo kweli, kidogo mno, na asidi utakayoivuta na kuimwaga itakugharimu mapafu na kisima kabla hujapata ya kutengeneza hereni. Usikubali.

Bomba la dawa lina masharti yake

Hili lifunguliwe na mtu mzima tu, mtoto atazame kwa mbali. Osha tanki mara tatu kwa maji safi, maji hayo yapulizie kwenye shamba lile lile, si mtoni wala karibu na kisima. Vaa glavu. Kisha fungua kitako, tafuta fyuzi. Ikiwa imeungua, weka nyingine yenye namba ile ile. Usiweke karatasi ya sigara wala kipande cha waya mahali pa fyuzi. Fyuzi huungua ili mota isiungue. Ukiizuia kuungua utanunua mota. Kama fyuzi ni nzima, tazama miguu ya betri: kutu ya kijani au nyeupe ikunwe na ikaushwe. Ukimaliza haya mawili na bomba bado limelala, sasa nenda kwa fundi.

Vitu ambavyo haviguswi

- Televisheni za chogo. Kioo chake kina risasi, hakina hewa ndani na kinaweza kupasuka kwa nguvu, na umeme mkali hubaki humo hata baada ya kuchomoa.
- Maikrowevu, na kifaa chochote cha kuchomeka ukutani. Kapasita zake hutunza umeme.
- Friji. Ina gesi, ni ya fundi mwenye vifaa.
- Taa ndefu na balbu za kuzunguka zinazotumia umeme kidogo. Zina zebaki. Ikipasuka toa watoto nje, fungua madirisha.
- Betri ya gari, pikipiki au sola kubwa. Ina asidi na risasi.
- Betri ya simu iliyovimba.

Kuhusu betri za risasi, waulize watu wa Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilijengwa kando ya makazi yao, watoto wakaingiwa na risasi mwilini. Walikwenda mahakamani, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Fedha haitoi risasi kwenye damu ya mtoto. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Kwa hiyo yule anayeyeyusha betri jikoni ili atengeneze vizito vya nyavu, aache leo.

Kwako wewe mfanyabiashara wa skrepa

Nawe sikukuita kwenye makala hii nikuchekee tu. Nakupongeza kwa kuokota tulivyotupa. Lakini kwa waya unazochoma nyuma ya nyumba nina la kusema.

Kule Accra, Ghana, palikuwa na eneo linaitwa Agbogbloshie, ambapo vijana walichoma waya kila siku kupata shaba. Mwaka 2019 watafiti walipima mayai ya kuku waliokuwa wakiparua ardhi pale. Waligundua kwamba mtu mzima akila yai moja tu anapata sumu ya dayoksini mara 220 zaidi ya kiwango cha siku kinachovumilika kwa vipimo vya Ulaya. Sumu ile hutokana na plastiki ya waya inapochomwa, inatua ardhini, kuku anaparua, yai linaingia mezani. Kuku wetu wa kienyeji nao wanaparua. Ukichoma waya kando ya nyumba unalisha kijiji chako, na wanao wakiwemo.

Na kibiashara pia unapoteza. Shaba, au kopa kama mnavyoiita, iliyomenywa kwa kisu ikabaki nyekundu safi ina bei nzuri kuliko iliyoungua ikawa nyeusi. Waya mnene ni rahisi kumenya. Halafu acha kununua kila kitu kwa kilo. Paneli nzima, mota nzima, spika nzima, chaja nzima, kila kimoja kina mnunuzi wake, na mafundi wa simu na redio wako mjini wanavitafuta. Yule kijana wa bomba amepata zaidi ya shilingi 50,000 kwenye kitu kimoja kwa sababu alitumia bisibisi kabla ya mizani. Mwisho, fuata sheria. Tunayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni za mwaka 2021 za taka za vifaa vya umeme na kielektroniki. Mwone afisa mazingira wa halmashauri akueleze vibali, kuliko kukimbizana naye barabarani.

Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotoka mwaka 2024 ilisema dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka hizi mwaka 2022, na chini ya robo yake ndiyo iliyokusanywa na kurejelewa kwa utaratibu. Vinavyobaki vipo kwenye vyoo vyetu, mashimo yetu ya taka na mifereji ya mashamba yetu. Betri za redio ukizitupa chooni au shambani hazigeuki mboji.

Anza hivi

1. Leo jioni tafuta nyumbani kila kifaa kilichokufa. Vya betri ndogo weka kwenye ndoo ya watoto. Vya orodha ya hatari weka pembeni, juu, wasifike.
2. Jumapili kaa nao saa moja. Kifaa kimoja tu. Waache wao wafungue, wewe uulize: hiki ni nini, waya huu unakwenda wapi? Usipojua jibu sema sijui, tutafute.
3. Wafunge tena hata kama hakitawaka. Kufunga kunafundisha mpangilio kuliko kufungua.
4. Tenganisheni: shaba, chuma, plastiki, vinavyofanya kazi, na betri. Betri zote ziwe kwenye ndoo kavu yenye mfuniko, betri za simu zibandikwe tepu kwenye miguu yake.
5. Kunaweni mikono kwa sabuni kabla ya kula.
6. Walimu na wenyeviti wa vijiji, naomba siku moja kila muhula. Mimi nitakuja na mita yangu na bisibisi zangu, bila posho.

Yule mzee wa nyanya amenipigia simu jana. Mjukuu wake yuko darasa la sita, na amempa redio ile ile iliyomponza, pamoja na bisibisi ya nyota aliyoinunua shilingi 1,500. Ananiambia mtoto hakuishika mara moja. Aliizungusha mkononi, akamtazama babu yake, akauliza, "Nikifungua hutanichapa?"

Ndugu msomaji, hilo ndilo swali ninalotaka lisiulizwe tena kwenye kata yetu. Kama una kifaa umekifungua na umekwama, niandikie umeona nini ndani, nitajibu ninachokijua na kwa nisichokijua nitamuuliza fundi. Wiki ijayo tunarudi kwenye mahindi na dumuzi.